Kumvua Maski kwa Chura wa Bandia: Mwongozo wa Maziwa ya Minnesota na Wisconsin

Maskelunji, ambaye wavuvi wa Marekani na Kanada humwita maski, haishi kwa vyura. Chakula chake hasa ni samaki wenzake kama perchi, saka na sisko. Lakini ni mviziaji. Hujibanza ndani ya magugu akiwa ametulia tuli, macho yakitazama mbele na juu, na kiumbe chochote chenye nyama kikikatiza juu ya kichwa chake anaweza kukirukia: kifaranga cha bata, panya wa majini, chura. Ndiyo maana chambo chenye umbo la chura kinamvua hata pale ambapo vyura wenyewe ni wachache.

Faida kubwa ya chura wa bandia iko kwingine kabisa. Anapita mahali ambapo chambo kingine chochote kingenasa. Kufikia Julai magugu yanakuwa yamepanda hadi juu ya maji, na boti nyingi huzunguka ukingoni mwake zikitupa vyambo vyenye ndoana za ncha tatu, kwa sababu ndani hakuingiliki. Maski walioko ndani hawaguswi. Chura wa mpira, ambaye ndoana zake zimelala mgongoni, huteleza juu ya majani hayo na kuingia mpaka chumbani kwao. Ukilielewa hilo, mengine yote yanayofuata yanakuwa na maana.

Hatua ya 1: Mjue samaki mwenyewe, na ujue sheria yake

Kwenye maziwa ya Minnesota na Wisconsin, majimbo ya kaskazini mwa Marekani, maski anaishi pamoja na binamu yake, paiki wa kaskazini, na sheria zao ni tofauti. Maski ana alama nyeusi juu ya mwili wa rangi nyepesi, au hana alama kabisa. Paiki ana madoa meupe marefu juu ya mwili wa kijani kilichokolea. Ncha za mkia wa maski zimechongoka, za paiki zimeviringana. Ukibaki na shaka, mtazame chini ya taya angali ndani ya wavu uhesabu vitundu vidogo: paiki ana 5 au pungufu kila upande, maski ana 6 au zaidi.

Minnesota, msimu wa maski kwenye maziwa ya ndani ya jimbo hufunguliwa Jumamosi ya kwanza ya Juni na kufungwa tarehe 1 Desemba. Anayeruhusiwa kuchukuliwa lazima afike inchi 54, yaani sm 137, na leseni ni lazima kuanzia umri wa miaka 16. Wisconsin, ambako maski ni samaki rasmi wa jimbo tangu 1955, kipimo cha kawaida ni inchi 40, ila maziwa kadhaa yana vipimo vyake yenyewe. Kanuni hubadilika, kwa hiyo soma kijitabu cha mwaka huo cha jimbo lako kabla ya kwenda.

Kwa sisi tuliokulia pwani au kando ya Ziwa Victoria, ambako samaki akishaingia chomboni ni kitoweo, hapa pana jambo la kuzoea. Karibu kila mvuvi wa maski humrudisha majini hata kama kipimo kimetimia. Samaki huyu hukua taratibu, jike linahitaji miaka mingi kufikia sm 120 na kuendelea, na hata kwenye ziwa zuri idadi yao ni ndogo. Ukitaka samaki wa kula, maziwa hayohayo yana walai, kripi na bluugili tele. Maski mwache aishi.

Hatua ya 2: Fuata vyura wanavyohama

Vyura hawako ziwani wakati wote. Yule mwenye madoa ya chui, anayeonekana sana kwenye majani ya malisho, hutaga mayai kwenye vidimbwi mwezi Aprili, wakati msimu wa maski haujafunguliwa. Watoto wake huacha mkia na kutoka nje ya maji Julai na Agosti. Baridi inapobisha hodi, Septemba na Oktoba, vyura hao wa nchi kavu hurejea kwenye maziwa na mito kwa sababu hulala majira ya baridi chini ya maji. Usiku wa mvua wa majira hayo unaweza kuwaona wakivuka barabara kwa makundi kuelekea ziwani. Ghuba za kina kifupi zilizopakana na malisho au vinamasi ndizo za kutazama wakati huo.

Katikati ya kiangazi kuna chura mwingine, na huyu ndiye rafiki wa mvuvi wa maski wa kaskazini. Anaitwa chura wa minki. Hukaa mchana kutwa juu ya majani ya yungiyungi, mara chache hupanda nchi kavu, na ukimshika anatoa harufu ya kitunguu kilichooza. Ukipita polepole na boti karibu na yungiyungi, ukawasikia wakiruka chubwi, chubwi mmoja baada ya mwingine mbele ya omo, umefika mahali penyewe.

Joto la maji ni muhimu kuliko kalenda. Chambo cha juu ya maji hufanya kazi vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 65 na 78 za Farenhaiti (18 hadi 26 za Selsiasi). Yakizidi nyuzi 80, karibu 27 za Selsiasi, acha kabisa kumvua maski, kwa sababu maji ya moto yana oksijeni kidogo na samaki aliyepigana humo anaweza kuonekana ameondoka salama akafa baadaye. Julai 1955, Leech Lake ilipata siku za joto na utulivu, na maski wakubwa wakavuliwa kwa wingi hadi habari ikaingia katika historia ya uvuvi wa Minnesota. Picha za wakati ule zinaonyesha samaki wakiwa wametundikwa mistari kwa mistari. Zinavutia macho, na zinaniuma kila ninapoziona.

Katika siku yenyewe, chagua mapambazuko, machweo, usiku, au mchana wenye mawingu. Maji yawe shwari au yawe na viwimbi vidogo. Upepo ukichafua ziwa, weka chura kando.

Hatua ya 3: Chura yupi?

Nianze na chura hai, kwa sababu swali hilo huulizwa sana. Simtumii na sikushauri umtumie. Maski akipewa chura hai humeza, na ndoana iliyoshuka tumboni ni kifo chake. Pia vyura hubeba magonjwa ya ukungu na virusi yanayosambaa wakihamishwa kutoka ziwa hadi ziwa. Vyura wenye madoa ya chui walipungua sana katika eneo hili miaka ya 1970, na mwaka 1995 wanafunzi wa shule walikuta karibu na mji wa Henderson, Minnesota, vyura wengi waliolemaa miguu. Wana shida zao za kutosha. Sheria za chambo hai nazo hutofautiana kutoka jimbo hadi jimbo.

Vyambo vya bandia viko vya aina tatu zinazofaa.

Chura wa mpira mwenye tumbo tupu ndiye wa kuingia kichakani. Mwili wake ni laini na una hewa ndani, na ndoana zake mbili zimelala zikibana mgongo. Samaki akimbana, mwili hubonyea na ncha zikatokeza. Wengi wa aina hii wametengenezwa kwa ajili ya samaki aina ya basi, ndoana zao ni nyembamba na maski huzinyoosha. Tafuta mkubwa kabisa, wenye urefu wa sm 10 au zaidi na ndoana nene. Kabla ya kumtumia, zifungue ndoana kwa koleo kidogo sana, kiasi cha unene wa sarafu, zitoke nje ya mwili. Atanasa majani zaidi kidogo, lakini samaki watakaoshikwa wataongezeka.

Wa pili ni chura wa mpira mzito usio na uwazi, mwenye miguu miwili inayopigapiga maji akivutwa. Huvikwa kwenye ndoana moja kubwa, namba 7/0 au zaidi, ncha ikiwa imezamishwa kidogo kwenye mpira. Huyu huvutwa mfululizo juu ya magugu yaliyokaribia uso wa maji bila kuuvunja.

Wa tatu si chura kwa sura bali kwa mwendo. Jitterbug, iliyobuniwa na Fred Arbogast wa Akron, Ohio, mwishoni mwa miaka ya 1930, ina bamba pana la chuma mdomoni linaloifanya iyumbe kushoto na kulia na kutoa mlio mzito. Ile kubwa ya kuvulia maski inapatikana, na rangi ya chura ni mojawapo ya rangi zake za zamani. Kuna pia zile zenye mkia unaozunguka na kurusha maji, kama Whopper Plopper na Top Raider. Zote hizi zina ndoana za ncha tatu zinazoning'inia, kwa hiyo kazi yake ni ukingoni mwa magugu na usiku kwenye maji wazi.

Rangi usiisumbukie sana. Samaki anatazama kutoka chini, anachoona ni tumbo na kivuli. Mchana tumia tumbo jeupe au la manjano. Usiku tumia nyeusi, kwa sababu ndiyo inayotengeneza kivuli kinachoonekana vizuri dhidi ya anga.

Hatua ya 4: Vifaa

Ufito mzito wa futi 8 hadi 9, rili imara ya kurushia, na mshipi wa kusuka wa ratili 80 (uzito unaoweza kuuhimili bila kukatika). Usipunguze hapo. Unapigana na samaki pamoja na nusu gunia la magugu. Mbele ya mshipi funga waya au florokaboni (uzi mnene wa plastiki) ya ratili 100 na zaidi, urefu usiopungua sm 30, maana meno ya maski hukata mshipi mtupu papo hapo. Kwa chura wa kichakani napendelea waya mmoja mwembamba, hauzoi majani.

Vifaa vya kumwachia samaki ni vya lazima kama ufito wenyewe: wavu mkubwa wenye kina, uliopakwa mpira ili usimchubue, koleo la mdomo mrefu, na mkasi wa kukatia ndoana, ule wenye nguvu za kukata chuma. Asiye na mkasi huo asitupe chambo. Kibanie pia kile kijino cha ndoana kinachoizuia isichomoke. Itatoka kirahisi, kwa samaki na hata kwenye mkono wako.

Hatua ya 5: Mahali pa kutupa

Si kila shamba la yungiyungi lina maski. Linalofaa ni lile lililo jirani na maji ya kina, ambako ukingo wa majani unateremka ghafla, au ambako yungiyungi zinakutana na magugu ya aina nyingine. Mahali aina mbili za mimea zinapogusana ndipo pa kuanzia. Tafuta pia matundu: sehemu za maji wazi, pana kama meza au chumba kidogo, zilizozungukwa na majani. Na midomo ya vijito.

Chippewa Flowage kule Wisconsin ina visiwa vya mboji vinavyoelea, na ukingo wa kisiwa cha namna hiyo wakati wa magharibi ni mahali pa kumleta Jitterbug taratibu sana. Leech Lake ina ghuba zenye mpunga mwitu, ambao Waojibwe huuvuna hadi leo mwishoni mwa kiangazi. Pita nje ya mashamba hayo, usiyakanyage kwa injini. Walioko Minneapolis na St. Paul hawahitaji safari ndefu: Lake Minnetonka na White Bear Lake zote zina maski.

Boti ikaribie kwa injini ya umeme au kasia. Kaa mbali kadiri unavyoweza kurusha kwa usahihi.

Hatua ya 6: Kutupa na kuvuta

Usimwangushe chura kwenye tundu lenyewe. Mrushe apite tundu kwa mita mbili tatu, atue juu ya jani, umwache atulie mpaka miviringo ya maji iishe. Kisha mvute aingie majini pole, kama chura halisi anavyofanya.

Juu ya majani mazito, nenda kwa mivuto mifupi ya ufito, ncha ikiwa chini, ukikunja rili kuondoa ulegevu kati ya mvuto na mvuto. Akifika tunduni, msimamishe kwa pumzi moja, mtikise mara mbili bila kumsogeza sana, kisha aendelee. Tazama majani yanayomzunguka. Maski anapokuja chini ya yungiyungi, mashina husukumwa kando na majani huinuka kwa mstari unaomwelekea chura. Ukiuona mstari huo, usisimame na usiharakishe. Shika mwendo uleule.

Kwenye maji wazi, maski hataki kusimamasimama kama basi. Anataka mwendo mmoja, thabiti, ili aweze kulenga. Jitterbug ivutwe polepole kiasi kwamba unausikia kila mlio peke yake. Ukiikimbiza milio inaungana na mdundo unapotea. Usiku mdundo huo ndio anaoufuata.

Hatua ya 7: Anapopiga

Hapa ndipo maski wengi hupotea, na sababu huwa moja: mvuvi anavuta kwa kuona badala ya kuvuta kwa kuhisi. Maji yanalipuka, mkono unaruka, chura anatoka mdomoni mwa samaki na kurudi kwenye boti. Mara nyingi samaki alikuwa amekosea shabaha tu na angerudi.

Kwa hiyo jizoeze hivi. Unapovuta, ncha ya ufito ielekee karibu na chambo, chini. Maji yakilipuka, usifanye lolote ila kuendelea kukunja rili kwa mwendo uleule. Ukihisi uzito, uzito hasa unaoenda upande wake, ndipo ukaze kwa nguvu zote, ufito ukienda pembeni na chini, si juu. Kuvuta juu humwinua samaki na kumfungua mdomo juu ya maji. Ndani ya yungiyungi kuna nyongeza: baada ya kukaza usimpe hata nusu mita. Mgeuze kichwa, mtoe juu ya majani kabla hajajizungusha kwenye mashina. Akishazunguka, peleka boti kwake, usijaribu kumng'oa.

Akikosa na chura bado yuko majini, endelea kuvuta. Asiporudi, tupa palepale chambo cha mpira kinachozama. Asipokubali, weka alama, ondoka, na urudi jua likizama au mwezi ukichomoza.

Hatua ya 8: Anapofuata mpaka kwenye boti

Maski ana tabia ya kumsindikiza chambo hadi ubavuni mwa boti bila kuuma. Kila mtupo umalizie kwa mzunguko, uwe umeona samaki au hujaona. Acha kiasi cha sm 40 za waya na mshipi nje ya ncha ya ufito, zamisha ncha, kisha chora duara refu kubwa kando ya boti, chura akienda juu au chini kidogo ya uso wa maji. Kona ziwe pana. Samaki wa zaidi ya mita moja hawezi kukata kona ya ghafla, na kwenye kona finyu atampoteza chura machoni. Fanya mizunguko mitatu minne. Gizani ongeza, maana humwoni. Breki ya rili isikazwe mno wakati huu: samaki anayeuma akiwa karibu hivyo hana urefu wa mshipi wa kumtuliza, atakata waya au kuvunja ufito.

Hatua ya 9: Kumwachia

Akiingia kwenye wavu, mwache ndani ya wavu, ndani ya maji. Huo wavu ndio hospitali yake. Mtoe ndoana akiwa humo; ikiwa imeingia vibaya au karibu na mashavu, ikate kwa mkasi badala ya kupigana nayo. Ndoana ni ya senti chache.

Picha iandaliwe kabla hajainuliwa: simu imewashwa, mpigaji amesimama mahali pake. Ingiza vidole chini ya kifuniko cha shavu, kando ya taya, bila kugusa mashavu mekundu ya ndani, mkono wa pili chini ya tumbo, mwinue kwa ulalo, picha, arudi. Usimning'inize wima kwa taya kamwe. Shikilia pumzi yako wakati yuko nje. Ukihitaji kupumua, na yeye anahitaji.

Majini mshike shina la mkia akiwa wima, atulie. Usimsukume mbele na nyuma. Ataanza kufungua na kufunga mashavu kwa mpangilio, kisha mkia utakaza mkononi. Hapo fungua vidole.

Hatua ya 10: Kabla ya kuondoka ziwani

Kagua waya, kama umejikunja ubadilishe. Pitisha ncha za ndoana kwenye ukucha wa kidole gumba, isiyokwaruza inolewe. Chura mwenye tumbo tupu mkamue, maana maji huingia kupitia tundu la ndoana na akijaa anazama kisogo. Mning'inize mahali penye hewa ndoana zisishike kutu.

Ondoa kila jani kwenye boti na trela, mwaga maji yote, na chomoa kizibo cha boti kikae nje njia nzima. Minnesota hiyo ni sheria, kwa sababu kome wa pundamilia, kome wadogo wavamizi wenye milia, husafiri kutoka ziwa moja hadi jingine ndani ya maji yaliyobaki na juu ya magugu yaliyoning'inia. Chura wa mpira aliyevutwa mchana kutwa juu ya yungiyungi naye hubeba vipande vya majani kwenye ndoana zake, kwa hiyo msafishe palepale gatini, kabla hujamrudisha kwenye kisanduku.